Sindano ya Liongo na Waya wa Feni

Mchezo uliingia nyumbani kwetu Kisauni ndani ya sanduku la ndugu yangu anayeishi Uingereza, chini ya viatu na sabuni alizowaletea wapwa zake. Kwa nje ni boksi la kadibodi lenye picha ya joka. Ndani mna vitabu, karatasi za wahusika, na dadu za rangi ya samawati: ya nyuso 4, ya 6, ya 8, ya 10, ya 12 na ya 20. Hamna ubao wala kete za kusogeza. Mmoja anakuwa msimamizi, anasimulia mahali palivyo na hatari zilizojificha, wengine kila mtu anabeba mhusika wake na kusema, "Mimi nafungua mlango," au "Mimi nakimbia." Likitokea jambo ambalo huenda likafaulu au lisifaulu, dadu inarushwa. Unaitwa Dungeons & Dragons, na walioutoa mwaka 1974 ni Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson.

Kifungua mimba wangu, wakati ule ana miaka 17, akaushika usimamizi na hakuuachia. Wa kati, mvulana wa miaka 14, na kitinda mimba, msichana wa miaka 10, wakawa wachezaji pamoja na binamu yao wa nyumba ya pili. Meza ya kulia ikawa yao kila Jumamosi baada ya Isha. Sisi wengine tukala kwenye mkeka.

Kisa cha kwanza kilikuwa cha Gandalf. Wa kati alikuwa amezitazama filamu za The Lord of the Rings mpaka anajua nani anafuata kusema, na akataka awe Gandalf. Hakutaka mzee mwenye fimbo wa kufananafanana naye. Alitaka Gandalf mwenyewe. Kaka yake akamwandikia karatasi kwa mujibu wa kitabu: daraja la kwanza kama wenzake, pointi za uhai saba. Wakashika njia. Goblini wanne wakawavizia kichakani, mmoja akatupa mshale, dadu ikatoa 20, na Gandalf akaanguka kabla hajatamka neno.

"Gandalf amepigana na Balrog akamshinda!" wa kati akapiga kelele.

"Kwenye kitabu, ndiyo. Hapa una pointi saba."

Karatasi ikachanwa, kiti kikaanguka, binamu mtu akaenda kwao bila kuaga. Usiku ule nilimsikia wa kati chumbani akimweleza mdogo wake, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, mambo yote ambayo Gandalf amewahi kufanya.

Ugomvi huo ni mkongwe kuliko wanangu. Machi 1977, katika toleo la tano la gazeti la The Dragon, Bill Seligman aliorodhesha kila kitendo cha uchawi anachofanya Gandalf katika vitabu vya Tolkien, akapima kwa kanuni za mchezo, akatoa hukumu kwamba mchawi wa daraja la tano tu angeyaweza yote. Miaka miwili baadaye gazeti hilohilo likaanzisha safu nzima ya kuwapa namba mashujaa wa riwaya. Nimesoma mengi kuhusu jambo hili tangu lilipoingia nyumbani kwangu, na naona Seligman alihesabu sawasawa lakini Gandalf hakuwemo ndani ya hesabu ile. Uchawi wa mchezo huu haukutoka kwa Tolkien. Ulitoka kwa Jack Vance, katika kitabu chake The Dying Earth cha 1950, ambamo mchawi anahifadhi maneno ya uganga kichwani, na akishayatamka yanamtoka, mpaka akae tena na kitabu chake. Gandalf hana tabia hiyo. Uwezo wake ni yeye alivyo, pamoja na subira ya kutoutumia. Ukimwingiza katika sheria za Vance, anabaki mzee mwenye cheche za moto na tochi. Aragorn, shujaa mwingine wa Tolkien, alipata bahati zaidi, kwani mlinzi wa mwituni wa mchezo huu alishonwa kwa vipimo vyake tangu mwanzo, na ndiyo maana humkaa vizuri.

Bibi yao, mama mkwe wangu, alikuwa akiyasikia haya yote kutoka kwenye kiti chake cha barazani. Yeye ni mzaliwa wa Siu, kisiwani Pate, na tangu macho yake yaharibike masikio yake hayapitwi na kitu. Jumamosi iliyofuata aliita, "Mume wangu, yule mzee wako amekufa vipi?"

Wa kati akamwambia: mshale mmoja, wa goblini.

"Mtu mkubwa hafi hivyo," Bibi akasema. "Liongo hakufa hivyo."

Watoto walikuwa wamelisikia jina shuleni, katika orodha ya mashujaa wanaoulizwa kwenye mtihani. Hadithi yenyewe hawakuwa wameisikia kwa mtu aliyekua akiambiwa kwamba mambo hayo yalitokea kwao. Bibi aliisimulia kwa mapana, akisimama kila mara kunywa kahawa, na kifungua mimba akaacha dadu akachukua kalamu.

Fumo Liongo, mtu wa mwambao wa kaskazini, kati ya Pate na Ozi, mrefu kupita watu wote, mwendo wa siku nne akiukata kwa siku moja. Mtawala akamwogopa. Wakamwalika kula makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu awaangushie wenziwe, wakiwa wamepanga kumpiga mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika hakupanda. Alisimama chini, akavuta uta, akayaangusha makoma kwa mishale. Baadaye walimkamata wakamtia minyororo. Kijakazi wa mama yake, Saada, alikuwa akimletea chakula, na walinzi wakikila. Liongo akatunga shairi, akampa Saada alifikishe kwa mama yake. Mama akalielewa. Akaoka mikate ya unga mzuri, akaoka na mmoja wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa akaficha tupa. Walinzi wakajichagulia mizuri, yeye wakamtupia wa wishwa. Kisha akaomba, kabla hajauawa, achezewe ngoma ya gungu, na nyimbo akawafundisha mwenyewe. Matari na matoazi yalipopanda, sauti ya tupa kwenye chuma haikusikika. Walipokuja kutazama, minyororo ilikuwa imekatika.

"Basi silaha hazimwingii," Bibi akaendelea, "ila sindano ya shaba, kitovuni. Na waliolijua hilo ni yeye na mama yake. Liongo akamwambia mwanawe."

Hapo akanyamaza akanywa kahawa, na kitinda mimba akasogeza kiti chake.

Kifungua mimba hakulala mapema usiku ule. Asubuhi karatasi ya Liongo ilikuwa tayari: mpiganaji, Nguvu 30. Wa kati, aliyetaka kumcheza, alifurahi sana. Binamu alipouona ule ukurasa aliuliza swali ambalo kila mtu anayemtoa shujaa kitabuni na kumleta mezani hana budi kuulizwa: "Sasa sisi tutafanya nini?"

Kanuni za toleo la 2014 zinamfungia mchezaji kwenye 20. 30 ni ya majoka na miungu. Kifungua mimba akaishusha. Bado ikabaki ile ngozi isiyopenywa. Kitabu cha majitu kina njia yake. Binadamu anayegeuka mbwa mwitu hadhuriwi na silaha ya kawaida, ila iliyotiwa fedha, au kwa uchawi. Kifungua mimba akafuta fedha akaandika shaba. Kwa kanuni, kazi ilikuwa safi. Mezani ilikuwa balaa. Liongo alitangulia kila mlango, akasimama katikati ya kila vita, mishale ikimdundia, na wenzake wakarusha dadu zao bila moyo. Jumamosi mbili zikapita hivyo. Kitinda mimba akaanza kusinzia mezani. Tena ngozi ile haikuwa na hatari yoyote, maana goblini gani atazunguka na sindano ya shaba akitafuta vitovu vya watu?

Aliyelitatua ni Bibi. Alimwomba mjukuu wake amsomee karatasi yote, neno kwa neno. Aliposikia "mpiganaji" akatikisa kichwa.

"Liongo alitoka gerezani kwa mabavu?"

"Hapana, Bibi."

"Alitoka kwa nini?"

"Kwa tupa."

"Tupa ililetwa na nani? Na iliitwa na nini?"

Iliitwa na shairi. Nilikuwa nikichambua mchele, nikauacha. Nyimbo za gungu zinazonasibishwa na Liongo zimeimbwa mwambao huu kabla mtu hajafikiria kumpimia nguvu. Edward Steere alipochapisha Swahili Tales mwaka 1870 kisa chake kimo, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913. Katika kisa chote nguvu za mwili wa Liongo zinamtia taabani. Kinachomwokoa ni utungo wake, na watu wanaouelewa.

Na mchezo una nafasi ya malenga, tangu 1976. Kifungua mimba alipekua kurasa zile akasoma kwa sauti. Kazi kuu ya malenga katika toleo lao si kupiga. Anaimba, na kwa wimbo wake anampa mwenzake dadu moja ya ziada, ya nyuso sita, aitumie atakapokwama. Yaani Saada anapata dadu. Mama jikoni anapata dadu. Liongo mwenyewe, amefungwa, hana pa kwenda bila mikono ya wengine. Wakaandika upya usiku uleule: malenga, Nguvu 17, Wepesi 16 kwa ajili ya ule uta, Haiba 18. Binamu akapata la kufanya, kitinda mimba akaamka.

Ikabaki ngozi. Bibi hakutaka iondolewe, akisema bila hiyo ni mtu mwingine. Wakakubaliana hivi: anayemcheza Liongo lazima, kabla ya mchezo kuanza, achague mchezaji mmoja ambaye mhusika wake anaijua siri ya sindano. Silaha nyingine hazitamuua. Ila yule mmoja, wakati wowote, anaweza. Wa kati hakufikiri mara mbili. Akamchagua mdogo wake, ambaye mhusika wake alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, mtoto wa Liongo.

Nililokuwa silijui ni kwamba kitinda mimba alikwenda kwa kaka yake mkubwa, siku ya shule, wakanong'onezana. Na la pili nililokuwa silijui ni kwamba alitaka sindano ya kweli.

Nyumba yetu haina shaba ya kuonekana. Yeye alikumbuka kwamba fundi wa redio aliwahi kumwambia ndani ya waya za stima kuna shaba. Ijumaa mchana, mimi nikiwa sokoni Kongowea, aliuchomoa waya wa feni ya sebuleni, akauchuna kwa kisu cha kukatia vitunguu karibu na kichwa cha plagi, akatoa nyuzi kadhaa, akazisokota mpaka zikawa sindano nyekundu inayong'aa, ya urefu wa kidole. Waya akaufunga kwa plasta ya kidonda, ile ya rangi ya ngozi, akaurudisha nyuma ya kabati. Plasta ilikaa vizuri. Hata mimi nilifagia pale nisione kitu.

Jumamosi nilikuwa na samaki wengi kwenye friji, changu na nguru, kwa ajili ya wageni wa Jumapili mchana. Joto lilikuwa la mwezi wa tatu. Watoto wakakaa, Bibi akaletwa karibu, jagi la maji ya ukwaju katikati. Liongo na wenzake walikuwa wamefika Ozi, wamechoka. Msimamizi akasema, "Ni adhuhuri, kila mtu amelala. Nani anakesha?"

"Mimi," kitinda mimba akasema. Akasimama. Akatoa kwenye kiganja kile kitu cha shaba, akakiweka juu ya karatasi ya kaka yake, katikati kabisa. "Namchoma baba."

Hakuna dadu iliyorushwa. Kanuni ilikuwa imeshaandikwa. Wa kati aliitazama sindano, akamtazama mdogo wake, na nikaona uso wake umebadilika kama wa mtu mzima. "Kwa nini?" akamuuliza. "Mimi nilikuchagua wewe."

"Sultani aliniahidi kunioza binti yake," akasema yule mtoto, na sauti ikamtoka nyembamba. "Bibi alisema ilikuwa hivyo."

Wa kati akainuka. Hakulia, hakusema neno. Akaenda kwenye kona, na kwa kutaka kufanya lolote lile asionekane uso, akashika plagi ya feni akaichomeka.

Mlio ulikuwa kama wa fataki. Cheche ya kibuluu ikaruka kutoka ukutani, harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa, na nyumba nzima ikawa giza. Mtu akapiga kelele, nadhani ni binamu. Jagi likapinduka, ukwaju wote ukamwagikia karatasi za wahusika, vitabu na mapaja ya Bibi. Nikawaita mmoja mmoja kwa majina. Wote wakaitika, hakuna aliyeumia, na nilimshukuru Mungu kwa sauti. Baba yao akaja na tochi ya simu. Soketi ilikuwa imeungua nyeusi. Akasema hainui swichi kubwa mpaka fundi aje aone, na saa tano za usiku fundi hapatikani.

Ikabaki friji. Kwa joto lile samaki wasingefika asubuhi. Basi tulikoka majiko mawili ya makaa uani, tukasafisha, tukapaka pilipili, ndimu na chumvi, tukaanza kukaanga wote, usiku huo huo. Kitinda mimba alinifuata nyuma akishika ndimu. Ndipo aliponieleza habari ya waya, mwenyewe, bila kuulizwa. Nilimshika mabega nikamwambia kwa maneno machache stima inavyoua watu, na kwamba asiguse waya tena maishani mwake. Baba yake akamwambia yaleyale kwa maneno mengi zaidi.

Wa kati alikuwa amekaa kwenye ngazi, amegeuka upande wa pili. Mdogo wake alimwomba radhi, hakujibiwa. Kaka mkubwa akaanza kumfafanulia kwamba kanuni ilifuatwa, na hilo likazidisha. Mimi nilikuwa nikimwonea uchungu kweli. Mchezo huu unapochukua mhusika wa kitabuni, unamtoa mikononi mwa mwandishi aliyekuwa akimlinda na kumweka mikononi mwa mtoto anayempenda. Alichopoteza mwanangu usiku ule kilikuwa chake.

Bibi, kanga mpya kiunoni badala ya ile iliyolowa ukwaju, akaita kutoka kwenye kiti chake kando ya jiko. "Mume wangu, umeondoka kabla kisa hakijaisha."

"Nimekufa, Bibi."

"Umechomwa. Hujaanguka." Akamsimulia. Liongo alipoamka na sindano mwilini alichukua uta na mishale yake, akaenda mpaka kisimani watu wanapoteka maji, akapiga goti, akatia mshale akauvuta. Hapo roho ikatoka. Mji mzima ukamwona amepiga goti, uta umevutwa, na hakuna aliyethubutu kusogea. Wakakosa maji. Wakamwendea mama yake ambembeleze, naye akaenda, akamwimbia mwanawe, akidhani amekasirika tu. Na mwana aliyechoma, ile ahadi aliyopewa hakuifaidi.

Kukawa kimya, samaki wakichemka kwenye mafuta. Kisha kifungua mimba, msimamizi, akafanya jambo ambalo nitamsifu nalo siku zote. Alichukua karatasi iliyolowa, akaileta kwenye ngazi, akampa mdogo wake. "Umepiga goti kisimani," akamwambia. "Sultani amekuja na askari wake mia, wana kiu. Wewe ndiye utakayesema wanasubiri mpaka lini."

Wa kati akaipokea. Akafikiri. "Mpaka aje mama," akasema. Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe lazima umlete. Ukaseme mwenyewe ulichofanya."

Wakacheza pale uani, kwa mwanga wa makaa na simu moja, mpaka samaki wakaisha sufuriani. Bibi alikuwa mama yake Liongo. Kitinda mimba alimwongoza kwa mkono kutoka kwenye kiti chake hadi kwenye ngazi, na akayasema yote njiani.

Fundi alikuja Jumapili, akabadilisha soketi na waya wa feni, akamwita yule msichana akamwonyesha palipoungua ndani. Wageni walikula samaki wa kukaanga badala ya wa kupaka.

Karatasi ya Liongo ipo, ina doa la ukwaju toka juu hadi chini, na namba zinasomeka. Tangu hapo watoto wamewaleta wengine mezani, wa riwaya na wa hadithi, na utaratibu ni mmoja: namba huandikwa mwisho. Kwanza huandikwa ni nani anayejua siri ya mtu huyo, na ni jambo gani hawezi kulifanya peke yake. Wewe mzazi ambaye watoto wako wamekuletea dadu na joka nyumbani, usiwaondoe mezani. Mvutie kiti bibi yao akae nao, na waya za stima ziweke mahali unapoziona.